Waya Kati Yetu na Ziwa

Uvira, alasiri ya kuamkia safari yako

Mapendo mwanangu, mama wangu,

Umetoka kwenda Rugenge kuwaaga shangazi zako na mama yako mdogo Esperansi, na najua hutarudi upesi, maana kila mlango utakaobisha utapewa kiti na sahani. Nimefurahi. Nimepata alasiri yangu peke yangu. Nimekaa barzani na kalamu ili nikuandikie yale ambayo mdomo wangu umeyakwepa tangu siku ulipotuletea habari ya kazi hii.

Sitakuandikia juu ya baridi ya Bukavu, wala namna ya kukaa na watu wa nyumba utakayofikia. Umelelewa, na yaliyobaki utayajua huko huko. Ulipotuambia kwamba utaandika katika gazeti la watalii, la kuwaita wageni waje kuona ziwa letu na milima yetu, baba yako alipiga makofi. Mimi nikainuka, nikasema nakwenda kuangalia chungu. Ulinifuata jikoni ukaniuliza, "Mama, haiko na furaha?" Nikakujibu kwamba moshi umeniingia machoni. Mapendo, siku ile hata moto ulikuwa haujawashwa.

Wewe unanijua kama mama anayeuza visamaki vya ndagala sokoni na kuwasomea majirani barua zao. Hujui kwamba zamani, kabla hujazaliwa, niliandika gazeti.

Nilijifunza kupiga taipu misheni nikiwa msichana, kwa sababu mke wa mchungaji alikuwa anaumwa vidole na alihitaji mtu wa kumsaidia. Uhuru ulipofika, alikuwako mwalimu mmoja wa shule ya misheni aliyeitwa Yeremia. Alikuwa mwembamba, hana mke, na alitafuna tangawizi kutwa kwa ajili ya kikohozi chake. Mzungu mmoja wa kilimo aliyekuwa anarudi kwao alimwachia mashine ya roneo ya kuchapa karatasi, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mwalimu Yeremia akaanzisha gazeti la karatasi mbili, akaliita Mawimbi, likauzwa mlangoni pake kila Jumamosi. Alihitaji mtu wa kupiga stensili, akaniita mimi.

Kwanza nilikuwa napiga aliyoandika yeye. Baadaye akaniruhusu niandike yangu, akawa anayasahihisha bila huruma. Aliwaza juu ya koma zaidi kuliko alivyowaza juu ya chakula chake. "Koma iko kama mufupa ya samaki," alikuwa ananiambia. "Ukiiacha mahali haiko yake, muntu atakwama." Nilikuwa nacheka. Lakini nilikuwa naitoa.

Sasa nikueleze juu ya ufuko. Pale ambapo leo unaona kuta za hoteli zisizo na paa, wakati wa Wabelgiji palikuwa pa wazungu. Walivuka kutoka Usumbura kila Jumapili kuja kuoga na kunywa. Sisi tulipita barabarani, macho mbele. Wavuvi walikuwa wameachiwa kipande cha mwisho cha mchanga, nyuma ya matete, na hapo ndipo mama zetu walipoanika ndagala. Siku ya uhuru mji mzima ulishuka ziwani. Hata wasiojua kuogelea waliingia. Nyanya yako, ambaye hukumkuta, aliketi majini mpaka kiunoni na kitenge chake cha kanisani, akicheka kama msichana, huku akirusha maji kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona mama yangu akicheka vile, si kabla wala baada.

Mzungu mwenye hoteli aliondoka. Aliyeichukua alikuwa mwenzetu, Bwana Lukanga. Alikuwa amebeba sinia pale tangu ujana wake, kwa koti jeupe na miguu mitupu. Tulijivuna naye. Tulisema, tazameni, aliyekuwa akipeleka chupa mezani sasa ndiye direkta. Aliahidi kwamba watalii watakuja wengi, kutoka Usumbura na hata Ulaya, na kila nyumba Uvira itaona faida.

Halafu akazungusha waya. Aliufunga ufuko wote, mpaka kile kipande cha nyuma ya matete ambacho hata wazungu walikuwa wametuachia. Wavuvi wakakosa pa kuvutia mitumbwi. Wamama wa ndagala wakawa wanatembea na beseni kichwani kwenda kutafuta mchanga mbali huko, kwenye njia ya Makobola, na kurudi na jua kichwani. Kiongozi wao alikuwa Mama Zawadi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio katikati ya ziwa. Alikuja kwangu akasema, "Weye iko na mashine. Andika."

Niliandika siku ile ile. Niliandika juu ya waya na juu ya miguu ya wale wamama. Niliandika pia juu ya wafuaji wa hoteli. Mdogo wangu Esperansi alikuwa mmoja wao, na alikuwa ameniambia kwamba vinywaji vya meza moja ya Jumapili vilipita mshahara wake wa mwezi. Nilimpelekea Mwalimu nikiwa na moto kifuani. Akasoma mpaka mwisho, akaniuliza, "Umemuuliza Lukanga?"

"Nimuulize nini, Mwalimu? Waya unaonekana."

"Waya unaonekana. Yeye haonekani. Nenda."

Nikaenda nimekasirika. Bwana Lukanga alinipokea vizuri, akaniletea maji kwa mkono wake, mkono ulioshika glasi kwa namna ambayo wewe na mimi hatuwezi. Nikamwuliza. Akasema, "Mama, turisti anakuja na macho, lakini anakuja na pua vilevile. Akisikia harufu ya ndagala, anarudia Usumbura. Bafuaji, bapishi, bazamu ba mulango, wote nitawalipa na nini?" Kisha akatazama ziwa. "Miaka yote nilibeba sinia hapa, sikuruhusiwa kukanyaga ile muchanga. Hata siku moja. Sasa iko yangu. Na weye unataka niigawe ku siku ya kwanza?"

Nilirudi nikiwa na hasira ndogo kuliko niliyokwenda nayo, na hilo liliniudhi. Nilitaka kuandika maneno yake nusu. Mwalimu akakataa. Yote, akasema, mpaka yale ya mchanga. Yakatoka yote.

Jumamosi ile karatasi hazikutosha. Aliyejua kusoma alizungukwa na kumi wasiojua. Na kabla ya Jumamosi iliyofuata, askari walikuja wakamchukua Mwalimu Yeremia, wakamtia ndani, kasho. Walisema anachochea watu. Mkubwa wa mji alikuwa mgeni wa kila wiki kwenye meza za hoteli, na kila mtu alijua nani alikwenda kulalamika kwake. Ilikuwa Lukanga. Mimi hawakunigusa, kwa sababu jina langu halikuwa kwenye karatasi. Waliowagusa ni wafuaji. Walifukuzwa wote.

Esperansi alikuja kwangu na aproni yake ya kazi mkononi, akaitupa juu ya meza yangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Dada," akasema, "weye umeandika ukweli. Sasa minye nitakula ukweli?"

Alikuwa na watoto, na mume wake alikuwa ameenda Katanga bila kurudi. Nilimgawia nilichokuwa nacho, lakini swali lake halikuwa juu ya unga. Nimezeeka na swali lile. Waandishi husema ukweli una bei, nao husema kwa fahari, kana kwamba wao ndio walipaji. Mara nyingi mlipaji ni mwingine, aliyekuwa anapiga pasi mashuka mahali fulani na hakuombwa ruhusa. Sisemi usiandike. Nasema umjue huyo mtu, na ukikutana naye usimpe hotuba.

Nikawa nampelekea Mwalimu chakula kasho. Alikuwa anakohoa zaidi, na swali lake la kwanza kila mara lilikuwa kama mashine nimeifunika.

Kisha waasi wakaja. Utasoma mengi juu ya wakati ule, na walioandika wengi hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na wewe ulikuwa tumboni. Askari wa serikali walikimbia, waasi wakaingia mjini, wakafungua kasho, Mwalimu Yeremia akatoka akiwa ameshika ukuta. Komanda wao alikuwa mtu aliyesoma, mpole wa sauti. Alikuwa amesoma Mawimbi. Asubuhi yake ya pili aliamuru waya ukatwe, na wamama wakarudi mchangani wakiimba. Sitakudanganya: niliimba nao. Nililia pia. Mtu akikurudishia ziwa lako, huulizi kwanza mikono yake imetoka wapi.

Siku iliyofuata, Komanda alikuja mwenyewe kwenye chumba chetu cha mashine. Walikuwa wamemkamata Lukanga.

"Mutaandika kwamba Lukanga ni adui wa bantu," akasema. "Bantu wasome. Halafu tutamaliza naye."

Mwalimu alikuwa ameketi, kwa sababu miguu ilikuwa haijamrudia. Akasema, "Minye niliandika alifunga ziwa. Sikuandika afe."

"Ni yeye alikufungisha!"

"Ndiyo. Na ile tutaiandika. Ataisoma akiwa mzima."

Komanda hakukasirika. Alinigeukia mimi, na hapo ndipo wewe ukapiga teke. "Na weye, mama? Wamama waliniambia weye njo uliandika ya kwanza. Ile waya ilikuwa uongo?"

"Ilikuwa kweli, Komanda."

"Basi?"

Ningeweza kusema ndiyo, tutaandika. Alinirudishia ziwa, alimtoa Mwalimu kasho, na yule mtu aliyefungwa alikuwa amemnyang'anya mdogo wangu riziki. Kuna siku ambapo uongo unakuja umevaa nguo za shukrani. Nikasema, "Komanda, kama bantu wanataka akufe, waulize wenyewe. Wako pale ku ziwa. Gazeti haiwezi kusema mahali pao."

Akaufungua mlango. Kisha akasema, "Twende."

Tukashuka. Lukanga aliletwa, amefungwa mikono, koti lake jeupe limechafuka. Wamama waliacha kuanika. Komanda akawauliza kwa sauti, huyu mtu aliwatendea nini. Mama Zawadi akasogea mbele.

"Alitufukuza," akasema. "Alituchokesha miguu. Minye nilimutukana kila asubuhi kupita shetani. Andikeni ile." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Lakini mutoto wangu aliposhikwa na tumbo, gari yake njo ilimufikisha ku lopitalo. Andikeni na ile."

"Basi munataka nini?"

"Tunataka mahali pa kuanika."

"Nauliza juu yake yeye! Afanywe nini?"

Mama Zawadi akamwangalia Lukanga kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayepima samaki. "Sasa yeye akufe," akasema, "ndagala zitakauka mbio?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu wa pili. Kicheko kikazunguka ufuko wote, cha woga na cha kweli pamoja, na hata wale vijana wenye bunduki wakainamisha vichwa kuficha midomo. Komanda hakucheka, lakini alipumua. Baada ya kicheko kama kile ni vigumu kuua. Alimfungua Lukanga mikono, akamwamuru ang'oe nguzo zote za waya yeye mwenyewe, na Lukanga akazing'oa, moja baada ya moja, akilia, mbele yetu.

Lakini jioni walikuja wakaichukua roneo. "Gazeti isiyosikia haina kazi," walisema. Unaona? Serikali ilituambia tunachochea. Waasi walituambia hatusikii. Walichukiana mpaka kuuana, lakini juu yetu sisi walipatana.

Ulizaliwa, na hukuwa umeanza kuketi askari wa serikali waliporudi. Walikuwa wanatafuta watu wa waasi, na mtu aliyetolewa kasho na waasi, kwao, alikuwa muasi. Walimchukua Mwalimu Yeremia mchana, mbele ya nyumba yake. Mimi nilikuwa nakuja kwake, nawe mgongoni. Walimpitisha karibu yangu kabisa. Nilifikiri ataniambia neno kubwa, la kubaki nalo. Alinitazama, akakutazama wewe, akasema, "Mufunike mutoto, jua iko kali."

Sikumwona tena. Hakuna aliyemwona.

Unajua nani alikwenda kambini kumwombea? Lukanga. Alivaa koti lake, akalifunga vifungo vyote, akaenda. Alirudi limechanika, uso umevimba, akaja moja kwa moja kwangu akaketi kwenye kigoda. "Nilisema yote," akaniambia. "Nilisema huyu njo alikataa nife, na minye nilimufungisha. Wakaniuliza, kama waasi walikuacha mzima, weye ni nani?" Akafunika uso kwa mikono yake. Nilimpa maji. Alikufa miaka michache baadaye, maskini, na watalii wake hawakuja kamwe. Nilikwenda matangani, na Mama Zawadi akaenda, na tulilia kweli.

Kwa hiyo usifikiri nachukia kazi yako. Ziwa letu ni zuri. Asubuhi, milima ya ng'ambo ikiwa bado haijaamua rangi, hata mimi niliyeliona maisha yangu yote husimama. Liandike. Waite wageni. Kama wakija na watoto wetu wakalipwa vizuri kwa kuwapikia na kuwafulia, nitakuwa wa kwanza kushangilia, na mama yako mdogo atakuwa wa pili. Ila wakikupa picha ya mchanga msafi uiandikie maneno matamu, jiulize waliokuwa wanaanika hapo wamekwenda wapi. Kisha nenda ukawatafute. Na huyo aliyewaondoa, nenda kwake vilevile, ukae, unywe maji yake, umsikilize mpaka amalize.

Zaidi ya hapo sina la kukuagiza. Magazeti ya siku hizi husifu wakubwa tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, wewe unajua kuliko mimi. Ningependa kukuambia uwe kama Mwalimu Yeremia, lakini mama gani ataomba mwanawe achukuliwe mchana? Ningependa kukuambia ukae kimya, lakini ningeona haya mbele yake. Nina hofu na nina fahari, vyote viwili vinataka kiti kimoja, na sijajua nimwinue nani.

Nimalizie na jambo moja, ambalo ulikuwepo ila huwezi kulikumbuka.

Jumamosi ya kwanza baada ya Mwalimu kuchukuliwa, watu walikwenda kusimama mlangoni pake kama zamani. Hapakuwa na gazeti tangu waasi, lakini walikwenda. Waliponiona wakaniuliza, "Nini ya leo?" Sikuwa na mashine, wala karatasi. Nikakufunga mgongoni, nikashuka ufukoni kwenye ndagala, na wale watu wakanifuata. Nikasimama nikaanza kusema. Nilisema bei ya unga imepanda. Nilisema shule ya misheni itafunguliwa. Nilitaja waliofiwa. Kisha nikasema kwamba Mwalimu Yeremia amechukuliwa na askari mbele ya nyumba yake, mchana, na hakuna anayejua alipo.

Sikuwa nimemwona askari aliyekuwa amechuchumaa pale, akinunua samaki. Akainuka na bunduki yake begani.

"Nani alikuambia ile?"

Mkono wangu ulikwenda nyuma, ukakushika. Nilifungua mdomo, na kabla sijatoa neno, Mama Zawadi alisimama na mikono yake imejaa magamba.

"Minye," akasema.

Askari akamgeukia. Upande mwingine wa mchanga, mwanamke mwingine akasimama. "Minye."

Kisha nikasikia sauti ninayoijua tangu utotoni. Esperansi, ambaye tangu siku ya aproni alikuwa hajanisalimia, alisimama na beseni lake. "Minye njo nilimuambia," akasema. Na nyuma yake mwingine, na mwingine, mpaka mchanga wote ukawa umesimama, na wewe mgongoni kwangu ukaamka, ukapiga kelele zako za kitoto katikati ya kelele zao.

Askari alituangalia wote. Akachukua samaki zake, akaondoka.

Nenda salama, mama wangu. Nakusikia unacheka na mtu njiani.

Mimi niliyekubeba,
Mama yako